Mabruki na Ukuta wa Kanisa la Tupendane

Mume wangu Mabruki alikuwa fundi wa rangi, na kama palikuwa na mwingine hapa Tabora aliyemzidi, basi naomba asijitokeze sasa, maana nimezeeka na sina nguvu za kubishana naye. Vibao vya maduka, vya vinyozi, vya mahoteli ya chai, majina ya malori, vyote vilipita mkononi mwake. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu ambavyo havikupata kutakata hata sikukuu ya Idi. Nikimwandalia kanzu nyeupe, haipiti saa moja ina doa la kijani kifuani, na yeye anashangaa limetoka wapi. Mimi ni Batuli, mkewe wa pekee, na hilo la pekee nalisema kwa kukusudia, kwa sababu wapo waliomshauri aongeze.

Kazi hakuianzia kwenye vibao. Aliianzia kwa Maalimu Selemani, mzee wa mtaa wetu wa Gongoni, ambaye alikuwa akiandika makombe. Aya inaandikwa kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe, inaoshwa kwa maji, na mgonjwa anayanywa maji yale. Mabruki aliniambia kwamba alipokuwa kijana, aliletwa mama mmoja amebebwa kitandani. Akanywa maandishi ambayo Mabruki mwenyewe ndiye aliyeyaandika siku ile, na kabla ya alasiri akainuka na kuomba uji. Labda homa ilikuwa imefika mwisho wake tu, mimi sijui. Lakini tangu hapo aliamini kwamba mkono ukiandika kitu cha haki, kitu hicho kinaweza kumwingia mtu na kumfanyia kazi ndani. Halafu maisha yakampa kuandika SUKARI HAKUNA.

Maalimu alipofariki alimwachia mazoea mawili, na yote mawili yalinisumbua mimi kuliko yalivyomsumbua yeye. La kwanza lilikuwa macho. Maalimu alimwonya kwamba mwenye kuchora kiumbe atakuja kuambiwa siku ya kiama akipe roho kile alichokichora, na Mabruki, akiogopa kukabidhiwa umati wa watu wasio na roho, akaamua kwamba kitu kisicho na macho hakihesabiki. Basi kibao cha kinyozi alichora kichwa kwa nyuma. Cha fundi cherehani alichora suti iliyosimama peke yake bila mtu. Mwenye bucha wa Kanyenye alipotaka ng'ombe, alimchorea ng'ombe aliyeinamisha kichwa ndani ya majani marefu, na ng'ombe wote wa Mabruki walikuwa hivyo hivyo, mchana kutwa wanakula. Watu walisema Mabruki akichora ng'ombe wako lazima atanenepa.

Zoea la pili lilikuwa kuanzia kulia. Mkono wake ulifunzwa kwa herufi za Kiarabu, na hata alipokuja kuandika hizi za Kizungu hakuweza kuanzia kwingine. Alipima nafasi kwa kamba, akahesabu herufi, kisha akaanza na ya mwisho akirudi nyuma. Kibao kikikamilika hakuna aliyejua. Shida ilikuwa kabla hakijakamilika. Mwaka mmoja ofisi ya TANU ya kata ilimpa ukuta aandike UHURU NA KAZI kwa herufi kubwa nyekundu. Akaanza kulia kwake, akamaliza KAZI, akamaliza NA, jioni homa ikamwangusha. Wiki nzima ukuta ule ulisomeka NA KAZI, na katibu kata alikuja mpaka kitandani kwake kumuuliza uhuru ameupeleka wapi. Mimi nilimjibu kwamba uhuru unatetemeka kwa homa, asubiri. Katibu hakucheka.

Hayo yote nayaeleza ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekuwa akiitaka mihrabu.

Mwaka wa sabini na tano wazee wa mtaa waliujenga upya msikiti wetu. Kuta zilipanda, paa likaezekwa, na mbele, pale anaposimama imamu kusalisha, wakajenga mihrabu mpya yenye tao zuri, ikapigwa lipu laini ikaachwa tupu. Kulizunguka tao lile paliwekwa nafasi ya aya. Imamu wetu, Sheikh Lukumani, alisoma pamoja na Mabruki kwa Maalimu Selemani, wakagawana hata viboko, na alimwahidi Mabruki kwamba lipu ikikauka vizuri ndiye atakayeiandika. Mume wangu hakuomba kitu kingine chochote duniani. Kwa miaka ishirini alikuwa anaandikia watu wanaotafuta chumvi na tiketi za basi, na sasa angeandika mahali ambapo watu wanasimama kimya mbele ya Mola wao. Alifanya mazoezi kila mahali. Alichora alifu kwenye vumbi la ua, kwenye karatasi za sukari, na siku moja nilikuta nusu ya aya imeandikwa kwa kidole ndani ya unga kwenye ungo wangu. Nililazimika kumuuliza kama nisonge au nimeze hivyo hivyo nipone.

Lipu ilikuwa bado haijakauka alipokuja Lugembe.

Lugembe alikuwa katekista wa kijiji cha Tupendane, mbele ya Kwihara, kwenye ile barabara ya zamani ya misafara. Tupendane kilikuwa kijiji kipya cha ujamaa. Watu walikuwa wameletwa kwa malori kutoka sehemu nyingi, wengine kutoka mbali upande wa Nzega, wakashushwa porini na majembe yao na kuku wao, wakaambiwa hapa ndipo nyumbani, pendaneni. Walikuwa wamejenga kanisa la tofali mbichi, lina madirisha upande mmoja, na upande wa pili ukuta mrefu mtupu. Lugembe alikuwa na bahasha ya kaki yenye picha ndogo kumi na nne za Njia ya Msalaba. Akamweleza Mabruki kwamba wakati wa Kwaresima Wakristo hupita picha moja baada ya nyingine, wakisimama na kusali kila mahali, wakimfuata Bwana Yesu tangu alipohukumiwa mpaka alipozikwa. Alitaka zichorwe ukutani, kubwa, kila moja urefu wa mtu.

Mabruki alizigeuzageuza zile picha, nami nilikuwa nachambua mchele, maelezo yote yale nimeyasikia nusu nusu, nikijua jibu litakuwa hapana. Akauliza swali moja tu, kama watu wakizipita picha hizi hulia. Lugembe akafikiri, akasema wengine hulia. Mume wangu akasema ataanza Jumatatu.

Tuligombana, nisifiche. Nilimwambia lipu inakauka, wazee wanaangalia, na yeye anakwenda kuchora kanisani. Akasema hajapewa katazo na mtu. Nikamwambia hajapewa kwa sababu hajamuuliza mtu. Akasema atachora wote wakiwa wameinamisha macho, kope chini, kwa hiyo jicho halitakuwepo hata moja. Kwa mtu aliyepata riziki kwa ng'ombe waliozama majanini, hiyo ilikuwa hoja nzito.

Wiki sita alikwenda Jumatatu kwa baiskeli na kurudi Alhamisi, ili Ijumaa asali kwetu. Rangi za dukani zilikuwa adimu miaka ile, kwa hiyo alichanganya za kwake: udongo mwekundu wa kichuguu, masizi, majani yaliyopondwa, gundi ya mti. Rangi ya dhahabu alikuwa nayo kopo moja dogo, ameitunza kwa ajili ya mihrabu, na hiyo hakuigusa. Alirudi akinuka moshi na asali, maana wanakijiji walimlisha asali kama mtoto wa kifalme, na alirudi akizungumza. Mabruki hakuwa msemaji, lakini wiki zile alinieleza picha hii na ile, bila mpangilio. Alisema zile za kwenye bahasha zilikosea jambo moja kubwa. Zilimwonyesha Yesu akiuburuta msalaba, na hakuna mtu aliyezaliwa kwenye njia hii ya wapagazi anayeweza kuona mzigo unaburutwa akanyamaza. Babu yake alibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Kwa hiyo akamchora amejitwika begani, ngata ya majani chini ya mti, mkono mmoja juu ukiushika, goti limelegea kidogo kama wanavyotembea wapagazi. Na yule Simoni aliyemsaidia akampa fimbo yenye panda ya kuegemeza mzigo wakati wa kupumzika. Wazee wa Tupendane walikuja kutazama wakasema sasa ndiyo, huyu atafika.

Wiki ya sita nikaamua kwenda kuona mwenyewe. Trekta la kijiji lilikuwa limeleta tumbaku mjini, nikapanda tela lake na sufuria ya pilau mapajani. Nilipofika, Mabruki alikuwa kisimani anatawadha, nikaingia kanisani peke yangu. Si peke yangu kabisa, alikuwepo bibi mmoja anafagia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kufagia.

Sasa lazima niseme kwamba mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la kisomo cha watu wazima, na cheti ninacho. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kila kitu kinasomwa kuanzia kushoto kwenda kulia, na mimi nikishafundishwa jambo nimefundishwa. Nikaanzia mlangoni, kushoto kabisa, nikasoma ukuta kama kitabu cha kwanza.

Nilimkuta mtu amelazwa ndani ya pango, amefungwa sanda. Mbele kidogo yuko mikononi mwa mama yake, yule mama amejifunika khanga. Kisha yuko juu ya mti, kisha yuko chini, kisha watu wanavutana naye nguo zake. Akaanguka, akakutana na wanawake waliolia nyuso zimo ndani ya khanga, akaanguka tena, mwanamke mwingine akamfuta uso. Mpagazi mwenye panda akaja upande wake. Mama yake akakutana naye tena njiani, safari hii amesimama wima. Na mwisho kabisa, karibu na altare, yuko mbele ya mkubwa mmoja aliyekaa kwenye kiti cha ofisi, mikono mitupu, hana mzigo, hana jeraha hata moja, na yule mkubwa ananawa mikono kwenye bakuli la maua kama mtu aliyemaliza shauri. Hakuna aliyenitazama kwenye ukuta ule wote. Macho yote yalikuwa chini, na kwa sababu hawakunitazama, mimi niliwatazama mpaka nikasahau pilau. Sikulia, lakini nilikaribia.

Mabruki alipoingia nikamsifu kwa moyo safi. Nikamwambia sikujua kwamba hadithi yao ni nzuri namna ile.

"Mwisho wake hasa," nikasema. "Pale wanapomwachia akaenda zake."

"Nani aliyeachiwa?"

"Huyu wao. Amefufuka kaburini, amepata taabu njiani, lakini mwishowe mkubwa amenawa mikono, yamekwisha."

Akanitazama, kisha akautazama ukuta. "Umeanzia wapi?"

"Mlangoni. Ulitaka nianzie dirishani?"

Mume wangu akakaa kwenye benchi polepole, maji ya udhu yanamtiririka kwenye viwiko. Wiki sita mkono wake ulikuwa umefanya kile ulichozoea. Alianzia kulia, karibu na altare, kwa hukumu, akaja na safari yake yote kuelekea kushoto, akamzikia Bwana wa watu mlangoni. Na Lugembe hakuona kitu, kwa kuwa kila siku aliingia na baiskeli yake kwa mlango mdogo wa altare, akakuta mambo yameanza vizuri. Wakristo wa Tupendane wangeingia kwa mlango mkubwa wakakutana na maiti kwanza, halafu wangetembea wakimrudisha kwa Pilato.

Jumamosi padre alikuja kutoka mjini na pikipiki, Mabruki naye akarudi kijijini kumpokea. Aliitwa Padre Limbu, mtu mnene mwenye subira. Aliingia kwa mlango mkubwa. Akatembea mpaka altare, akarudi mpaka mlangoni, akatembea tena. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Mabruki zaidi. Alisema mikono iliyochora vile ni mikono yenye heri, lakini sala ina mpangilio wake na mtu hawezi kuwazungusha waumini kinyumenyume. Alimwomba apake chokaa ukuta mzima na aanze upya, ikiwezekana kabla ya Ijumaa Kuu, ambayo ilikuwa wiki tatu mbele. Chokaa yenyewe aliahidi kuituma.

Mjini nako habari ilikuwa imefika. Sheikh Lukumani alikuja kwetu, nikampa kahawa, akazungumza juu ya mvua mpaka kikombe cha pili. Halafu akauliza kama kuna macho. Mabruki akasema hakuna. Sheikh akashusha pumzi. Akatueleza kwamba lipu imekauka na wazee wamegawanyika, wengine wakisema mkono uliochora msalaba usiandike aya, na mzee mmoja ameshapendekeza kijana wa Dar es Salaam. Mabruki alimkumbusha, kwa upole wake ule, kwamba aya yenyewe wanayotaka iandikwe pale inamtaja Bi Mariamu, na yeye kule Tupendane amemchora Bi Mariamu akimlilia mwanawe. Sheikh alisema hilo analijua, na ndiyo maana amekuja mwenyewe badala ya kumtuma mtu. Alikuwa amepata njia. Kwa kuwa wenye kanisa wenyewe wanataka ukuta upakwe chokaa, Mabruki aende akaupake, asirudie kuchora, aje aseme nimefuta. Wazee watanyamaza na mihrabu itakuwa yake.

Nilitaka kupiga vigelegele. Ndoo moja ya chokaa, padre anaitaka na sheikh anaitaka. Sijapata kuona dini mbili zikikubaliana jambo kwa haraka kiasi kile.

Jumatatu nilikwenda naye, ili asibadili mawazo njiani. Chokaa ilikuwa imeshafika, tukaikoroga nje, tukaingia na ndoo na ngazi. Yule bibi mfagiaji alikuwemo. Jina lake lilikuwa Leonia. Nilimsimulia kwa furaha yangu yote kilichotuleta, na nilipomaliza niliona ufagio wake umesimama.

Alituuliza kama tunaweza kumpa muda kidogo kwanza. Akaenda mlangoni, akapiga goti mbele ya lile pango, kisha akaanza kutembea, picha moja baada ya nyingine, akigusa ukuta kwa kiganja. Alitembea kuelekea altare. Nilidhani ni bibi asiyejua mambo ya dini yake, nikamwonea huruma. Alipofika mwisho alisimama pale kwa yule mtu mwenye mikono mitupu, akakaa sana. Halafu akarudi kwetu.

Alizungumza na Mabruki, si na mimi. Alisema anajua vituo vyote kwa moyo tangu alipokuwa msichana, na anajua vinaanzia wapi. Lakini mwanawe Yoramu alifariki miezi mitatu kabla ya malori kuja, akamzika nyuma ya nyumba. Paa likang'olewa, wakapakiwa, na kutoka pale mpaka Tupendane ni mwendo wa siku nne ambao miguu yake haiwezi tena. Kaburi limebaki kwenye mahame, hakuna wa kulipalilia.

"Kila asubuhi naanza naye pale kaburini, fundi," akasema. "Naondoka naye taratibu, nakutana na mama yake njiani, na nikifika kule mbele amesimama mzima, hajaguswa na mtu. Halafu naweza kwenda shamba. Ukishapaka hiyo chokaa mimi nitaanzia wapi?"

Mabruki aliutazama ukuta, kisha akamtazama yule bibi usoni. Nilijua yuko wapi wakati ule. Yuko kwenye sahani nyeupe, na mama aliyeinuka kuomba uji. Nikamvuta kanzu kumkumbusha mihrabu. Akachukua ndoo, nikashukuru. Akatoka nayo nje. Akaegemeza ngazi kwenye ukuta wa mbele wa kanisa, upande wa barabarani, akaanza kuupaka chokaa, kwa sababu, alivyosema, imeshakorogwa na kuimwaga ni dhambi. Alipaka mpaka ndoo ikaisha. Kanisa liling'aa vizuri sana, na mimi nilitamani kuiangusha ngazi.

Padre Limbu aliposikia habari ya Leonia alisema picha zibaki na ziandikwe namba, moja mpaka kumi na nne, kuanzia altare. Ijumaa zote zilizobaki za Kwaresima Lugembe angewaongoza watu kwa mpangilio halali mpaka kaburini, na wakishafika mlangoni, anayetaka kurudi mbele kivyake arudi, hakuna sheria inayomzuia mtu kutembea kanisani. Nilisikia baadaye kwamba karibu wote walirudi. Kijiji kizima kilikuwa na makaburi kiliyoyaacha nyuma.

Lakini sheikh alikuwa hajajibiwa. Alikuja Alhamisi, akakaa pale pale, kahawa ile ile.

"Umefuta?"

Niliwahi kujibu mimi. Nilisema amepaka chokaa ndoo nzima, nimeshuhudia kwa macho yangu, na hapo sikusema uongo hata neno moja. Sheikh Lukumani akaanza kutabasamu.

"Nimepaka ukuta wa nje," Mabruki akasema. "Wa ndani sijaugusa."

Nilimkanyaga mguu chini ya mkeka. Akauondoa mguu. Akamweleza sheikh habari ya yule bibi, yote, bila kujitetea. Sheikh alisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa. Mwisho akamuuliza kama angalau anajuta, kwa sababu hata neno hilo lingetosha kuwapelekea wazee. Mume wangu akasema anajuta kuikosa mihrabu, anajuta sana. La ukuta hajuti. Sheikh alimshika mkono kwa muda mrefu, kisha akaondoka, na kahawa yake ikabaki.

Kijana wa Dar es Salaam alikuja na karatasi ngumu alizokwisha kuzikata herufi, akaziweka juu ya lipu, akapitisha brashi, siku mbili tu akamaliza. Mimi kwa muda wote ule sikuzungumza na Mabruki ila kwa mambo ya chumvi na maji. Nilimwita mjinga mara nyingi, mara nyingine akiwepo.

Ijumaa ya kwanza ya msikiti mpya alivaa kanzu safi akaenda. Aliporudi alikaa kwenye kigoda uani. Nikamuuliza mihrabu ikoje, kwa sauti ya ukali, maana sikuwa na nyingine iliyobaki. Akasema ni nzuri. Herufi zimenyooka, kijana ana jicho. Halafu mume wangu akalia. Sisemi alitokwa na machozi, alilia kama watu wanavyolia, mabega yanatikisika, na mimi nikasimama pale na mwiko mkononi sijui niufanyeje.

Hasira ziliniisha hapo hapo. Nikaingia ndani, nikatoa lile kopo dogo la rangi ya dhahabu kutoka chini ya kitanda, nikaliweka mbele yake pamoja na brashi yake nyembamba. Nikamwambia kwamba msikiti ule mimi naujua paa lake na ngazi zake za nje tu. Wanawake wa mtaa wetu tunasali nyumbani. Kama angeiandika aya kule, watu wote wa Gongoni wangeiona isipokuwa mimi, niliyepikia mkono huo miaka ishirini na nikala unga wenye alifu.

Akanitazama. Nadhani jambo hilo halikuwa limempitia akilini hata siku moja, na kusema kweli hata mimi halikuwa limenipitia mpaka nilipojisikia nalisema.

Aliandika kwenye ukuta wa chumba chetu unaoelekea kibla, hapo ninapotandika mswala. Ilimchukua siku kumi na moja. Nilikaa chini nikamwangalia tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, na siku alipomaliza nilisali mbele ya aya ile, nikaomba dua kwa ajili ya Yoramu wa Leonia.